Wiki Nzima ya Kujifanya Anapita Tu

Lanzom hakuwa na desturi ya kumsifu mtu aliye hai, na hata wafu aliwasifu kwa kubania. Mumewe alipofariki, watu wa mji wa Kaza walikuja na siagi ya taa na nyuso za huzuni, wakamkuta jikoni anasema marehemu alikuwa mtu mwema, ila mlango wa zizi alioutengeneza haukuwahi kufunga sawasawa hata siku moja. Waombolezaji walitazamana, wakanywa chai yao ya chumvi, wakaondoka mapema.

Nyumba yake ilikuwa na vyumba vya wageni, kama nyumba nyingi za mji ule siku hizi. Wageni walipanda kutoka Delhi na kwingineko kwenye joto kuja kuliona bonde la Spiti. Walifika wameshika vichwa, rangi imewatoka, wakatapika uani, na kesho yake wakamwambia kwamba hewa ya huku ni safi ajabu. "Ilikuwa safi kabla hamjaitapikia," Lanzom aliwajibu kwa lugha yake, huku anatabasamu. Wao wakampiga picha.

Aliyewaleta wageni hao alikuwa Gatuk, mume wa binti yake Zangmo. Lanzom hakujaaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo ilibidi mkwe ahamie kwake, na jambo hilo hakumwacha Gatuk alisahau. Kazi ya Gatuk ilikuwa kuwapangia watu safari za gari za wiki nzima kulizunguka bonde, walale wapi, wapumzike wapi, wapige picha wapi. Alikuwa na ramani kubwa yenye vidoti vya rangi na sauti maalumu ya kuielezea. Lanzom alisema kumlipa mtu akuonyeshe milima ni sawa na kumlipa mtu akuonyeshe mvua ukiwa umeshalowa.

Basi siku moja, mwishoni mwa msimu wa njegere, dereva mmoja aliyetoka Pin, bonde dogo la jirani, alisimama mlangoni na ujumbe kutoka kwa Kesang.

Kesang alikuwa mdogo wake Lanzom, mtoto wa pili katika nyumba ya watoto wawili, wote wa kike. Alipofika umri wa kuolewa alinyoa nywele, akaenda kuwa mtawa huko Pin. Kesang akawa anaviombea viumbe vyote ulimwenguni. Lanzom akaachiwa baba, mama, ng'ombe na mashamba. Kwenye mazishi ya baba yao Kesang alimwambia, "Nitakuombea, dada." Lanzom akamjibu mbele ya watu wote, "Niombee mgongo, ndio unaouma." Hawakuonana tena tangu hapo, na sasa wote wawili walikuwa bibi vizee.

"Anasema mwezi ukipevuka anaingia chumba cha tafakuri," dereva alieleza. "Mlango unazibwa kwa udongo, chakula kinapitia kidirisha cha nyuma. Miaka mitatu. Anasema ukitaka kumwona, uje kabla."

"Nikitaka!" Lanzom alisonya. "Kwani anadhani huku tunakaa tumemwangalia yeye? Wamzibe hata miaka kumi. Hatutasikia tofauti."

Dereva akaenda zake. Asubuhi yake Lanzom alimkuta mkwewe anakunywa chai.

"Gatuk, nipangie safari."

"Safari ya wapi, Ama?" Gatuk aliuliza; naye alimwita mama, kama mkewe alivyomwita.

"Bonde zima. Wiki nzima, kama hao vichaa wako. Miaka yote nawapikia watu wanaokwenda kutembea, mimi sijatembea. Au mimi sina macho?"

Gatuk alifurahi kama mtoto. Alikunjua ramani juu ya meza, akasafisha koo, akaitoa ile sauti.

"Vizuri sana. Siku ya kwanza hatukimbii, tunauacha mwili uzoee mwinuko..."

"Mwili upi?"

"Wako, Ama."

"Mimi nimezaliwa juu zaidi ya hapa. Mama alinizaa katikati ya mavuno, akainuka akamaliza kipande chake. Mwinuko ndio unizoee mimi."

"Ni utaratibu tu. Maji mengi, kupanda polepole, na chupa ya oksijeni nyuma ya gari kwa dharura."

"Ibebe. Ukizimia nitakupepea nayo."

Zangmo, aliyekuwa anamenya njegere pembeni, aliinamisha kichwa asionekane anacheka.

Lanzom akaanza kuamuru. Kwanza Losar. Gatuk akauliza Losar ana nani. Hana mtu, alijibu, ndiyo maana anataka kwenda, watu anaowajua amewachoka. Kisha Kibber, akaone kama bado wanajivuna. Kisha Langza, kisha washuke Dhankar na Tabo, halafu Gue, akamtazame yule lama, mtawa wa kale aliyekufa akakauka bila kuoza, angalau yeye hajibu ovyo.

"Mwisho kabisa," alisema, huku anapangusa meza iliyokuwa safi tayari, "tukiwa tunarudi, kama njia iko wazi, tunaweza kupitia Pin."

Gatuk alikuna kichwa. "Ama, Pin ni hapo tu. Asubuhi unatoka, mchana umefika. Kwa nini tusianze na..."

"Nani aanze na Pin? Nikimbilie Pin kuna moto? Mwisho, nimesema!"

"Ama," Zangmo aliita taratibu, "mwezi unapevuka lini?"

"Mimi ni kalenda?"

Lakini alikuwa ameshahesabu, na Zangmo alijua kwamba ameshahesabu. Mama mtu alitaka afike kwa Kesang jioni ya mwisho, vumbi la bonde zima likiwa kwenye viatu vyake, aseme nilikuwa natembea, nikaona nipite. Maishani hajapata kumtaka mtu yeyote mbele ya watu, na hakukusudia kuanza na huyo mwenye kichwa kilichonyolewa. Huo ndio ujinga ulioitwa mpango wa safari.

Kilichobaki ni kutafuta siku njema ya kuondoka. Mnajimu alifunua vitabu vyake, akakunja uso, akasema siku njema ni Alhamisi, na ikishapita hiyo hakuna nyingine mpaka mwezi uwe umepevuka na kuanza kupungua. Gatuk akashtuka. Alhamisi alikuwa na wageni wa kupeleka Losar, na gari lingerudi Jumamosi.

Hilo halikumtisha mtu. Kule, siku njema isipoafikiana na gari, watu hutoa begi nje ya nyumba siku hiyo, wakalilaza kwa jirani, na safari ikahesabiwa imeanza. Wengine hutoa kofia tu. Sharti ni moja: kilichotoka kisirudi ndani mpaka safari iishe. Kikirudi, ndiyo umerudi, tafuta siku nyingine.

"Mimi sidanganyi bahati kwa begi," Lanzom alisema. "Kutoka ni kutoka. Nitatoka mwenyewe na begi langu."

"Ama, begi linatosha. Kila mtu hufanya hivyo."

"Ndiyo maana mambo ya kila mtu yanakwenda mrama."

Mnajimu alikuwa ametaja nyumba iliyo upande wa mashariki, na upande huo nyumba ilikuwa moja tu, ya Chhodon. Lanzom na Chhodon walikuwa wanagombania zamu ya maji ya mfereji tangu wote wawili ni maharusi. Alhamisi alfajiri Lanzom alivikwa kitambaa cheupe cha baraka shingoni, akanywa funda la pombe ya shayiri kizingitini, akabeba begi lake, akavuka uchochoro. Safari ya kulizunguka bonde zima ilikwenda hatua chache ikasimama mlangoni kwa adui yake.

"Karibu, msafiri," Chhodon alimwambia. "Umechoka na njia?"

"Nimechoka na harufu. Hii nyumba mnafungua madirisha lini?"

"Tukimaliza kuchungulia ya kwako."

Waliendelea hivyo kutwa. Chhodon alimpa chai, Lanzom akasema siagi yake imekaa sana. Chhodon alimpa supu ya tambi, Lanzom akauliza kama tambi zimekatwa kwa shoka. Alikula bakuli mbili. Katikati ya matusi alikuwa anainuka kwenda dirishani, anaamrisha kwake kwa kelele: Zangmo, ng'ombe! Zangmo, nguo zinalowa! Zangmo, huyo mgeni anaoga na maji ya nani?

Jumamosi Gatuk hakurudi. Kijito kimoja kilikuwa kimefurika upande wa Losar na kulamba kipande cha barabara, na mtaalamu wa safari alikuwa amekaa ng'ambo ya pili na wageni wake, anapiga simu kusema subirini. Jumapili akasema subirini. Lanzom aliuliza dirishani kama katika ile ramani kuna kidoti cha pale alipokwama.

"Toa Losar," alimwamuru Zangmo.

Kesho yake akasema, "Toa Kibber na Langza. Sina haja nao." Alhamisi ilipofika tena, Gatuk akiwa bado amekwama, akatoa Gue, akasema lama aliyekauka ataendelea kukauka. Zangmo alisimama uchochoroni, shingo juu.

"Ama, toa vyote. Nenda Pin. Nikuitie teksi ya stendi?"

"Nikodi gari nimkimbilie? Aseme nini? Aseme dada yake kaja mbio na ulimi nje?"

"Kesho ndiyo mwezi mpevu."

Lanzom alifunga dirisha. Chhodon, aliyekuwa anasokota sufu pembeni, alimsogezea chai bila tusi lolote. Lanzom angependa amtukane. Alikaa kwenye jamvi, mikono mapajani, akaogopa, kwa sababu wanawake wa umri wa Kesang hawaingii miaka mitatu ya baridi ile wakiwa na uhakika wa kutoka. Hilo hata yeye hakuweza kulibeza.

Alasiri ile ndipo ilipokuja harufu.

Kila mwanamke wa Spiti anaijua harufu ya shayiri inayokaangwa kwa ajili ya unga, na anajua ni wakati gani inageuka kutoka tamu kuwa chungu. Pua ya Lanzom ililijua hilo kabla akili yake haijaamka. Zangmo alikuwa ameiacha shayiri jikoni na mgeni akamwita nje. Lanzom aliruka, akavuka uchochoro, akapiga teke mlango wake mwenyewe, akaingia jikoni, akanyakua karai, akamwaga shayiri na mchanga moto wa kukaangia kwenye ungo.

"Mikono yako ni ya nini?" alifoka. "Shayiri inageuzwa! Inageuzwa, inageuzwa, haiachwi! Nimekufundisha tangu huna meno..."

Zangmo alikuwa amesimama mlangoni, kiganja mdomoni. Lanzom alitazama karai mkononi mwake. Akatazama jiko lake, rafu zake, miguu yake juu ya sakafu yake. Alikuwa nyumbani. Alikuwa amerudi.

Chhodon alichungulia kutoka uani.

"Salama, msafiri? Umerudi mapema. Bonde umelionaje? Na mdogo wako umemwachaje?"

Lanzom angeweza kumtupia karai. Badala yake aliketi kwenye kigoda, akauficha uso kwa kitambaa chake cheupe.

"Sijamwona," alisema. "Nilitaka kumwona, nami sijamwona. Sasa siku imeharibika na mlango unazibwa kesho. Haya, cheka."

Chhodon hakucheka. Aligeuka akaondoka, na Zangmo akadhani amekwenda kuwatangazia majirani. Alirudi mikono mitupu, akaegemea mwimo wa mlango.

"Begi lako lilibaki kwangu," alisema.

"Nalijua liliko."

"Halijarudi. Wewe umerudi, kwa sababu huna akili, lakini begi lilitoka siku njema na bado liko safarini. Wenzako wote hutoa begi tu, na linahesabika. Au la kwako si begi?"

Lanzom aliinua uso.

"Kaka yangu anapeleka lori Pin alfajiri kuchukua njegere," Chhodon aliendelea. "Nimeshalitupia begi lako humo. Mimi sitaki takataka za watu nyumbani kwangu. Ukilitaka, lifuate."

"Mjinga mkubwa wewe," Lanzom alisema, anajipangusa uso kwa kitambaa.

"Na zamu ya maji ya Ijumaa ni yangu."

"Chukua. Chukua na Jumamosi."

Ndivyo Lanzom alivyoianza kwa mara ya pili ile wiki yake ya kutembea. Hakuvikwa kitambaa, hakunyweshwa pombe, na ramani ya Gatuk ilibaki imekunjwa. Alipanda nyuma ya lori akakaa juu ya magunia matupu, kwa kuwa mbele kulikuwa kumejaa vibarua. Lori lilishuka kandokando ya mto, likavuka daraja la Attargo, likakata kuingia Pin, nalo likasimama kila penye shamba na mtu wa kusalimiana na dereva. Kila liliposimama Lanzom alipiga bati la kichwa cha lori kwa kiatu. Dereva akalalamika kwamba anaharibu gari. Lanzom alisema gari liliharibika siku alipopewa yeye usukani.

Walifika kijiji cha mwisho jua limeshapita utosi. Hakungoja begi. Alipanda mlima kwa miguu, akishika magoti, hadi kwenye vibanda vya mawe vya watawa. Aliona watu mbele ya kimojawapo. Wanaume wawili walikuwa wanakanda udongo. Kizingitini, ndani ya mlango uliobaki wazi, alikaa bibi mmoja mdogo aliyevaa nguo za rangi ya damu ya mzee, amekonda, masikio yamechomoza.

"Umekuja," Kesang alisema.

"Nilikuwa napita."

"Unapita kwenda wapi? Barabara imeishia hapo chini. Huku mbele ni barafu."

Lanzom alifungua mdomo, na watu wa Kaza wangelipa kuliona hilo, kwa sababu hakikutoka kitu.

"Nimekuja kukuona," alisema mwishowe, kwa hasira. "Nimekuja nyuma ya lori la njegere, siku mbaya, kwa fadhila za Chhodon. Niliogopa wangekuziba kabla sijafika. Umefurahi sasa?"

"Nimefurahi," Kesang alisema. "Nami niliogopa hutakuja."

Lanzom alikaa chini upande wa nje wa kizingiti, magoti yao yakagusana.

"Umekonda. Wanakulisha nini hapa, upepo?"

"Wewe umenenepa."

"Ni wageni. Wanabakiza."

Kesang alicheka, meno mawili tu. Kisha akamshika mkono, akauliza alilotaka kuuliza miaka yote. "Ulinichukia? Kwa kukuachia baba na mama?"

"Kila siku ya baridi."

"Na wakati wa joto?"

"Wakati wa joto nilikuwa na kazi."

Mtawa mkuu, aliyekuwa anasimamia pembeni, alitikisa kengele. Kesang alimbana dada yake mkono mara moja, kwa nguvu ambayo Lanzom hakuitarajia kutoka kwenye mifupa ile, kisha akarudi nyuma ndani. Kuanzia hapo hakuruhusiwa kusema neno na mtu. Wale wanaume wakaanza kupanga mawe mlangoni na kuyapaka udongo.

Lanzom alisimama pembeni na machozi yake, akitazama. Alitazama jiwe la kwanza. Alitazama la pili. Udongo ulikuwa mkavu, majani yake machache, na waliupaka juu juu kama watu wenye haraka ya kwenda kula.

"Mnaziba mlango au mnapaka mkate siagi?" aliuliza.

"Mama, tafadhali, hii ni kazi ya heshima..."

"Heshima gani na matundu haya? Upepo utaingia hapa na hapa na hapa. Mtu atakaa humu baridi tatu, nyinyi mnamwekea wavu! Mkipaka nyumba zenu hivi wake zenu wanawaacha vipi muishi? Sogea."

Walimtazama mtawa mkuu. Mtawa mkuu alitazama milima. Lanzom alikunja mikono ya gauni, akapiga magoti mbele ya karai la udongo, akaongeza maji na majani, akaukanda udongo upya mpaka ukakubali. Kila mwanamke wa bonde lile hupaka nyumba yake kabla ya baridi, na hakuna anayehitaji kufundishwa. Alianza chini, akijaza kila upenyo kwa kidole gumba, kisha akipiga bapa kwa kiganja. Wale wanaume walimpa mawe moja moja, kama wanafunzi walioadhibiwa.

Lilibaki tundu la jiwe moja, usawa wa uso. Ndani kulikuwa na giza, na katika giza macho ya Kesang. Lanzom alilitazama tundu lile kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kisha akaliweka jiwe, akalikandamiza, akaanza kulipaka.

Akahisi udongo mbichi unasukumwa kutoka upande wa pili. Mkono ulikuwa unapaka kwa ndani, ukifuata wake, polepole na vibaya, mkono wa mtu aliyetumia maisha yake kuomba.

Lanzom aliweka mdomo karibu na ukuta.

"Kushoto bado," alisema. "Huoni? Kushoto."

Mkono ule ukahamia kushoto.